Raba Zisizoingia Maji

Jumamosi, 13 Aprili

Swabir amekuja kutoka Diani na mfuko mweusi kwapani, akanitupia mapajani hata salamu hajamaliza. "Dada, masika haya hutalia." Ndani mlikuwa na raba. Si hizi raba za plastiki zinazoanikwa kando ya barabara Ukunda. Hizi ni nzito, za kijivu, soli yake nyeusi ina meno makubwa ya kung'ata matope. Ndugu yangu huyu anafagia na kupiga deki nyumba moja ya wageni, na kuna mgeni aliyeondoka akaziacha chini ya kitanda kwa kuwa begi lilikataa kufunga. Ulimi wake umeshonwa kulia na kushoto ili maji yasipate pa kupenyea. Swabir alizimwagia maji ya mtungi pale pale uani. Yakateleza yakaenda zake, ndani pakavu kabisa.

Hapa Bodo kila mtu anajua habari za miguu yangu. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba na begi lenye mashine ya presha, kipimajoto na simu ya kazi, niwaangalie wajawazito, watoto na wazee, kisha nipeleke habari zahanati. Kila masika napita matopeni na ndara, na kila masika ngozi baina ya vidole hulainika, hugeuka nyeupe, ikapasuka. Mwaka jana nilifika mahali nikawa siwezi kukanyaga chini. Watu wakaja kunitazama mimi badala ya mimi kuwatazama wao, na wengine walicheka waziwazi.

Nimempikia Swabir samaki wa kupaka. Amekula akalamba vidole.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimelivuka dimbwi la mbele ya msikiti wima, bila kurukaruka. Mwero wa bodaboda alisimamisha pikipiki kunitazama. "Bi Biasha, leo umepanda trekta?" Nikamwambia afunge mdomo asije akameza inzi. Nimerudi nyumbani soksi kavu. Soksi kavu, katikati ya masika, Bodo! Nimejiona mtu.

Jumanne, 16 Aprili

Jumanne ni siku ya kwa Bi Maimuna, nyumba ya mwisho kabla ya mikoko. Huko anakaa mkaza mwana wake, Husna, mwenye mimba ya kwanza, sasa inaingia mwezi wa sita. Husna kwangu si mtu wa kazi tu. Mimi ni somo yake. Ndiye niliyemfunda kabla ya harusi. Tulifungiwa chumba kimoja mimi na yeye, nikamsinga mwili kwa liwa, nikamwambia yote ambayo mama hawezi kumwambia bintiye. Somo haishii barazani, huingia mpaka chumbani, na akikuuliza jambo humfichi. Salimu, mumewe, hupeleka wageni Funzi kwa boti. Mvua imewafukuza wageni, kwa hiyo amekwenda Diani kulinda nyumba ya mtu, na msichana amebaki na mama mkwe.

Bi Maimuna simpendi, na niandike hivyo hivyo. Tangu tumbo lianze kuonekana amemfungia mwana wa watu ndani kwa kuogopa vijicho. Husna akitaka hata kuota jua uani, anaambiwa kuna watu.

"Shikamoo, Bi Maimuna."

"Marahaba, mwanangu. Vua hayo matingatinga yako, nawa, upite."

Kuyavua ni kazi. Ulimi ukiwa umeshonwa, lazima ufungue kamba zote hadi chini ndipo mguu utoke. Nikanawa kwa lile kopo lao la kijani linalokaa ngazini, nikaingia. Husna alizichukua raba akazijaribu, akatembea nazo chumbani huku ameinua leso, anacheka. Miguu yetu ni sawa, hata viatu vya harusi yake mimi ndiye niliyejaribishwa dukani. "Zanipwaya, somo," akasema. "Zataka soksi mbili." Nikampima presha, ni nzuri. Tumekaa mpaka chai ya pili.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Raba safi.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo nimetaka ardhi ipasuke inimeze. Nilikwenda kwa Mzee Dzombo kumpima presha. Nikavua raba mlangoni kama kawaida, nikaketi mkekani, nikamfunga mashine mkononi. Mzee akaanza kupiga chafya. Bintiye akaja na chetezo, akatia udi, akakiweka baina yangu na babake, kwa adabu zote, macho chini. Udi asubuhi ile, na hapakuwa na mgeni wala shughuli! Halafu mjukuu akauliza kwa sauti, "Mama, kumekufa panya?" Akavutwa sikio akatolewa nje.

Ni miguu yangu. Raba haziingizi maji, lakini jasho nalo halina pa kutokea. Mguu unashinda humo na ugonjwa wake wa vidole, na siku ukitolewa unatoka na habari zake zote. Mimi ndiye ninayewahubiria watu hawa usafi.

Nilimaliza kumpima mzee, nikafunga kamba, nikatoka. Nyumba zilizobaki nimezisalimia nikiwa nje.

Jumanne, 23 Aprili

Nimeziosha kwa sabuni. Nimezisugua kwa ndimu. Nimezitia majivu. Zimelala juu ya jiko, na bado. Jua la kuzikausha liko wapi?

Nilifika kwa Bi Maimuna nikasimama chini ya upenu. "Karibu, karibu ndani." "Nimeshakaribia, Bi Maimuna, leo mbio mbio." Husna akaitika kutoka chumbani kwamba hajambo, mtoto anacheza. Nikaandika kwenye simu ya kazi kwamba nimemtembelea. Si uongo. Nimefika.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Kwa Mzee Dzombo sikupita.

Jumanne, 30 Aprili

Upenuni tena. Nilipokuwa naegemea ukuta karibu nilipige teke lile kopo lao la maji. Upepo wa juzi umejaza uchafu kila mahali, hata humo mna majani yanaelea.

"Somo, leo pia huingii?" Sauti ya Husna.

"Matope, mwanangu. Nitawachafulia nyumba."

Kumbe nikiwasalimu watu nje namaliza nyumba zote kabla ya adhuhuri. Caroline, nesi mkuu wa zahanati, mtu wa Kinango asiyesifu mtu ovyo, amenisifu. Anasema taarifa zangu za mwezi huu zimefika mapema kuliko za wenzangu wote. Nilizipokea sifa hizo nikazila.

Jumapili, 5 Mei

Jana nilijilazimisha kutoka na ndara. Leo vidole vinawaka moto. Nimerudi kwenye raba. Afadhali ninuke nikiwa nimesimama kuliko kulala kitandani sikanyagi chini, wale wale wakaja tena kunicheka.

Jumanne, 7 Mei

Leo Bi Maimuna alitoka mwenyewe barazani, amejifunga leso mpya. "Mwari wako ananawiri, Biasha! Uso umejaa, mashavu haya! Nampa maziwa, nampa samaki, nampa kila anachokitaka." Husna alichungulia dirishani na kweli uso ni wa mviringo. Nikasema mashaallah. Kisha bibi akanitazama miguuni, akanitazama usoni. "Kwani tumekukosea nini siku hizi? Wasalimu kama mpita njia."

"Hamkunikosea kitu. Kazi nyingi."

"Haya," akasema. Haya yake huwa ina kurasa mbili ndani yake. Anaona nimevimba kichwa kwa sababu ya raba za Wazungu. Na aone. Heri nionekane nina maringo.

Jumamosi, 11 Mei

Daraja dogo la kuelekea Ramisi limefunikwa na maji. Magari hayapiti upande ule mpaka yapungue.

Jumanne, 14 Mei

Nimerudi nyumbani damu inachemka. Husna alitoa mkono dirishani kupokea vidonge vya kuongeza damu. Kidole kitupu. Ile pete ya dhahabu aliyovishwa na Salimu, nami nimesimama hapo hapo, haipo.

"Pete iko wapi?" nikamnong'oneza.

"Mama ameniwekea."

Ameniwekea! Tunawajua wenye kuwekea watu dhahabu zao wakati mume hayuko. Mkono wenyewe aliurudisha upesi, kama mtu anayeona haya. Nilitaka niingie nimkabili bibi yule uso kwa uso, nikakumbuka miguu yangu. Nikasema Salimu akija nitamwambia, na hapo ataona.

Ijumaa, 17 Mei

Nilikuwa zahanati kuchukua vyandarua. Caroline akaniita pembeni.

"Husna wa Bi Maimuna hakuja kliniki. Ulisema yuko sawa?"

"Yuko sawa, ananawiri. Nilimwona Jumanne."

"Presha ulipima?"

"Nilipima."

Likatoka lenyewe, laini kabisa. Akaniuliza ilikuwa ngapi, nikampa namba za mwezi wa nne. Aliandika. Njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba msichana ana umri mdogo, ana afya, anakula vizuri, na kwamba Jumanne nitampima kweli.

Jumanne, 21 Mei

Mvua ya mawe asubuhi, kisha ya kawaida. Nimefika nimelowa juu, chini mkavu.

"Somo," Husna akaita kutoka chumbani, "kichwa kinaniuma."

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Meza panadol, ulale. Mvua hii inamwuma kila mtu kichwa."

Akaita tena. "Ingia basi, unitazame."

Nilikuwa na mkono kwenye kamba ya raba. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilikuwa nimeinama tayari. Ndipo nikasikia sauti za wanawake wengine ndani, mawifi zake wamekuja kutoka Msambweni, wamejaa chumba kile kidogo. Nikakumbuka chetezo cha kwa Mzee Dzombo.

"Wiki ijayo, mwanangu. Nitakaa sana."

Nikasikia kitanda kikilia. Nikadhani amelala.

Alhamisi, 30 Mei

Naandika kwenye benchi la hospitali kubwa ya Msambweni. Ni habari za Jumanne. Jumanne yenyewe sikuwa na mikono ya kuandikia.

Asubuhi Caroline alinipigia simu. "Biasha, leo usirudi bila huyo msichana. Mlete kliniki, hata kwa kumkokota." Mvua ilikuwa imesita. Nikapatana na Mwero angoje na boda barabarani, kwa maana kutoka kwa Bi Maimuna hadi barabarani hakuna pikipiki inayopita sasa, ni utelezi mtupu.

Husna alitoka mpaka barazani, ameshika mwimo wa mlango, leso imeburura chini. "Somo, siwezi kwenda. Jumamosi niliteleza na ndara nikaangukia goti. Na leo macho yangu yaona vimulimuli."

Katika yote hayo mimi nilisikia la kuteleza tu. Nilikuwa na dawa yake. "Ikiwa ni hilo, vaa raba zangu. Hizi hazitelezi. Mimi nitakwenda pekupeku." Nikakaa ngazini, nikafungua kamba zote hadi chini, nikazivua. Harufu ilitoka, lakini tulikuwa nje na upepo ulikuwapo. Nikapiga magoti mbele yake nikamwinulia leso nimvishe.

Mguu haukuingia.

Nilidhani ni kamba. Nikazilegeza zaidi, nikaupanua ulimi kwa vidole viwili, nikamwambia sukuma. Akasukuma. Vidole vikaingia, vikakwama hapo. Raba ile ile iliyompwaya mwezi wa nne, aliyotembea nayo chumbani akicheka! Ndipo nikautazama mguu wenyewe. Kifundo hakionekani, mguu umeshuka sawa kutoka gotini hadi chini, ngozi inang'aa. Nikambonyeza kwa kidole gumba juu ya wayo. Nilipoondoa kidole shimo lilibaki, na nikalitazama, na halikujaa.

"Tangu lini hii?"

"Kitambo. Kidogo kidogo. Mama asema nanawiri."

"Na pete?"

"Iliacha kuzunguka. Mama aliitoa kwa sabuni isije ikakatwa."

Nikatoa mashine. Nilimpima, nikampima tena nikitumaini mashine imeharibika. Namba ya juu ilikuwa mia na tisini. Sisi wahudumu tulifunzwa jambo hili kwa picha na kwa wimbo, tukapiga na makofi: uvimbe, kichwa, macho, presha. Linaitwa kifafa cha mimba, na linaua mama na mtoto. Nilijua wimbo wote.

Bi Maimuna alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya viazi mkononi. Nikamwambia. Alinitazama kana kwamba nasema lugha nyingine. "Si alikuwa ananawiri?" akauliza, na sahani ikamponyoka.

Nilipiga mayowe. Wanaume wakatoka majumbani, wakatoa kitanda cha kamba, wakamlaza Husna juu yake wakambeba mabegani. Mimi mbele pekupeku, nawaonyesha pa kukanyaga. Bi Maimuna, mwanamke wa umri ule, alikwenda kando ya kitanda matopeni, amemshikilia kichwa mkaza mwana wake, ndara zake zimebaki njiani na hakugeuka kuzitazama. "Ya Latifu, ya Latifu," alikuwa akisema.

Katikati ya njia Husna akaanza kutikisika. Macho yalipinduka, taya likakaza, kitanda kikayumba mabegani mwa watu. Mmoja wao akasema ni shetani huyo, tumweke chini asomewe kwanza. Wengine wakasita. Mimi nilikishika kitanda kisipinduke. Aliyetoa sauti ni Bi Maimuna. "Asomewe mkitembea! Twendeni! Atakayemweka mwanangu chini sitamsamehe duniani wala akhera." Wakaenda, karibu kukimbia. Nilimgeuza Husna ubavu kama nilivyofunzwa, nikamshika hivyo mpaka barabarani. Mwero alikuwa ameona kwa mbali, ameacha boda yake na kusimamisha pikapu ya mtu wa mchanga.

Maji ya darajani yalikuwa yamepungua, tukapita. Hapa walimchoma sindano, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Mtoto ni wa kike. Nimeambiwa ni mdogo mno. Sijamwona.

Bi Maimuna amelala hapa benchini ubavuni kwangu, miguu yake ina matope makavu mpaka magotini. Yangu pia. Hakuna aliyetuuliza kitu juu yake.

Ijumaa, 31 Mei

Husna amefumbua macho. Amemjua Salimu. Amemjua mama mkwe wake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Jumatatu, 3 Juni

Mtoto amefariki asubuhi. Walikuwa wamempa jina, Hasina. Amezikwa alasiri. Salimu alimbeba mwenyewe mikononi na hakumpa mtu amsaidie.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa Bi Maimuna kutoa pole ya nyumbani. Husna bado yuko hospitali.

Raba zilikuwa pale pale ngazini nilipozivulia, hakuna aliyezigusa. Zimejaa maji ya mvua hadi juu. Haziingizi maji, na yakishaingia kwa juu hayana pa kutokea. Niliinama nikaona vitu vinachezacheza humo: viluwiluwi vya mbu. Mimi, ninayepita kwa watu nikiwafunulia mapipa na vifuu na kuwagombeza. Nikazipindua kila moja, maji yakamwagika kwenye matope. Nilijisikia vibaya kuliko hata nilipokuwa hospitali, na sijui kwa nini.

Bi Maimuna alinikaribisha mkekani. Alionekana amepungua.

"Nilikuwa nikiwaambia watu ananawiri," akasema. "Nikawaita waje wamwone dirishani. Mimi, niliyekuwa nikiogopa macho yao."

"Si wewe, Bi Maimuna."

"Kila Jumanne nikimwambia, mwite somo yako aingie, umweleze hiki kichwa. Yeye akasema, somo ameudhika nami, na sijui nimemfanya nini, nisimlazimishe." Akafungua pindo la leso yake, akatoa kitu kilichofundikwa humo, akakiweka kiganjani. Ilikuwa pete. "Tangu siku ile natembea nayo. Naogopa kuiweka mahali ikapotea, Salimu akaja kuniuliza."

Nikamtazama mama huyu niliyemwita mwizi moyoni mwangu. Nilitaka kumwambia kwa nini sikuingia. Nikasema pole. Nikaondoka.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwambia Caroline kwamba sikumpima Husna tangu mwezi wa nne, na kwamba namba nilizompa zilikuwa za zamani. Sikueleza sababu, naye hakuiuliza. Alizima feni, akakaa. "Wengine hukupima pia?" Nikamwambia nyumba moja moja. Akanyoosha mkono, nikampa begi. Amesema ataniita.

Jumatano, 12 Juni

Mvua imepungua. Nimerudi kwenye nyumba zote bila begi, ili tu nikae. Kwa Mzee Dzombo nimekaa mpaka akachoka nami.

Jumatatu, 17 Juni. Idi

Asubuhi Swabir amekuja na nyama, akauliza raba ziko wapi. Nikamwonyesha, juu ya paa la banda, jua linazipiga. Akasema zimekauka vizuri, mbona sizivai. Nikamwambia achukue. Hakuchukua.

Baada ya swala nimekwenda kwa Husna. Yuko nyumbani tangu Ijumaa. Nilikwenda na ndara. Nikazivua, nikanawa kwa lile kopo la kijani, nikapita baraza, nikapita ukumbi, nikaingia mpaka chumbani, mahali pangu. Amekonda. Vifundo vimerudi. Amejifunga leso kifuani kwa nguvu, fundo mbili, kwa sababu maziwa yamekuja na hakuna wa kuyanyonya. Nilikaa kitandani karibu naye. Nje watoto walikuwa wakipita na nguo mpya wakiomba mkono wa Idi.

"Somo," akasema, "nina swali, na unijibu kama tulivyokuwa tukijibizana kule ndani kabla sijaolewa."

"Uliza."

"Nilikukosea nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu hospitali, na yote yakatoka kichwani. "Hukunikosea kitu. Miguu yangu ilikuwa inanuka."

Akanitazama.

"Raba zile," nikasema. "Zilikuwa zinavundisha miguu. Kwa Mzee Dzombo waliniwashia udi. Niliona haya kuzivua kwako, mbele ya mama mkwe wako, mbele ya mawifi zako. Nikawa nasimama nje."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nilidhani atalia, au atanifukuza. Ningefurahi angenifukuza. Aliitazama miguu yangu sakafuni, muda mrefu, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akasema polepole, bila hasira.

"Kila Jumanne nilikuwa nikikuwekea maji ya miguu. Mama alinikataza kubeba ndoo, kwa hiyo nilichota kwa kikombe, nikaenda nikirudi, mpaka kopo lijae. Nikakutilia na mrehani, kwa kuwa ni wewe."

Nilikuwa nimeyaona majani yale nikasema ni upepo. Husna akajilaza, akageukia ukutani. Nikakaa hapo hapo, mkono wangu mgongoni mwake, na hakuuondoa, wala hakuushika. Bi Maimuna akaleta chai, tukainywa mimi na yeye.

Nilipotoka nilivaa ndara zangu ngazini, nikalitazama kopo. Leo lilikuwa na maji matupu.